Muhula Mmoja Japani: Historia ya Wanafunzi wa Muda Mfupi

Mwanafunzi wa kubadilishana anayekwenda Japani kwa muhula mmoja hukaa huko miezi minne au mitano: ama kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Agosti, ama kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Februari. Ada hulipa katika chuo chake cha nyumbani. Huko Japani hupewa masomo, mara nyingi na chumba cha bweni, na akirudi kwao krediti alizopata zinahesabiwa kwenye shahada yake. Utaratibu huu, kwa sura yake ya leo, ulienea katika miaka ya 1990. Hata hivyo, si mara ya kwanza kwa Japani kupokea vijana wa miezi michache. Jambo hilo lilijaribiwa karibu karne nzima kabla yake, likakua haraka mno, likadharauliwa na kufutwa.

Kwa sehemu kubwa ya historia yake Japani ilikuwa upande wa mwanafunzi, si wa mwalimu. Kuanzia mwaka 630 hadi karne ya tisa, watawala wake walituma wajumbe mara kwa mara katika China ya nasaba ya Tang, na ndani ya merikebu za wajumbe hao walipanda watawa na vijana wasomi. Tayari walikuwepo wa muda mrefu na wa muda mfupi. Katika msafara wa mwaka 804 walikuwemo watawa wawili waliokuja kuwa vigogo wa dini ya Kibuddha nchini mwao. Saichō alitumwa kwa muda mfupi, akarudi mwaka uliofuata na wajumbe walewale. Kūkai alitakiwa akae miaka 20, lakini aliona amekwisha kupata alichokifuata na akarudi mwaka 806. Kwa kukatisha masomo hivyo alisubiri kusini, mbali na mji mkuu, hadi aliporuhusiwa kuingia. Abe no Nakamaro, aliyeondoka mwaka 717, hakurudi kabisa: alipata cheo katika serikali ya Tang, jaribio lake la kurejea likakwamishwa na dhoruba, na akafia ugenini mwaka 770. Safari hizo zilikoma baada ya ujumbe uliopangwa mwaka 894 kuahirishwa.

Baada ya karne nyingi, na zaidi ya miaka 200 ya kuwazuia raia kusafiri nje, Japani ilirudi shuleni, safari hii Ulaya na Marekani. Mwaka 1863 vijana watano wa jimbo la Chōshū, akiwemo Itō Hirobumi aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza, walitoroka kwa siri kwenda kusoma London. Mwaka 1871 ujumbe wa Iwakura uliondoka na wasichana watano, mdogo wao akiwa Tsuda Umeko mwenye umri wa miaka sita. Walimu wa kigeni nao waliajiriwa kwa mishahara mikubwa, na vitabu vya Magharibi vikatafsiriwa kwa wingi. Kazi hiyo ya kutafsiri ndiyo iliyowavuta majirani baadaye. Elimu ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuchujwa na kuwekwa katika maandishi ambayo Mchina au Mkorea msomi angeweza kuyafuata kwa kiasi, na nauli ya kuifikia ilikuwa ndogo sana kuliko ya kwenda Ulaya.

Wakorea ndio waliotangulia. Mwaka 1881 Yu Kil-chun aliingia katika shule ya Keiō ya Fukuzawa Yukichi. China ilifuata mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya kushindwa vitani na Japani yenyewe, kwa kutuma vijana 13. Serikali ya Japani iliwakabidhi kwa Kanō Jigorō, mwalimu mkuu anayejulikana zaidi duniani kama mwasisi wa judo. Mwanzo haukuwa mzuri. Watoto wa mitaani waliwazomea kwa sababu ya misuko yao mirefu ya nywele, chakula hakikuwakubali, na baadhi yao walirudi nyumbani baada ya majuma machache. Waliovumilia walihitimu mwaka 1899. Kwa wakati huo Zhang Zhidong, gavana mwenye sauti kubwa katika utawala wa nasaba ya Qing ya China, alikwisha kuandika kitabu kuwahimiza Wachina wasome Japani: ni karibu, ni rahisi, na lugha yake haiko mbali.

Mwito huo uliitikiwa kuliko yeyote alivyotarajia. Mwaka 1902 Kanō alifungua Tokyo shule ya Kōbun Gakuin kwa ajili ya Wachina, na hadi ilipofungwa mwaka 1909 ilikuwa imepokea wanafunzi zaidi ya 7,000. Mwaka 1905 China ilifuta mitihani ya kale ya kuingilia utumishi wa serikali. Ghafla cheti cha shule ya kigeni kikawa njia ya kupata kazi, na idadi ya Wachina Japani ikafika takriban 8,000.

Wengi wao hawakuja kukaa. Waliingia kozi za haraka za miezi sita, minane au mwaka mmoja, zilizofundisha ualimu, upolisi au sheria. Mwalimu wa Kijapani alisema sentensi zake, mkalimani akazigeuza Kichina, na darasa likaandika. Mwanafunzi aliweza kumaliza kozi bila kujifunza Kijapani. Shule ya sheria ya Hōsei, chini ya mwanasheria Ume Kenjirō, ilianzisha kozi ya namna hiyo mwaka 1904, na kati ya waliopita hapo walikuwemo Wang Jingwei na Hu Hanmin, waliopata umaarufu katika siasa za China. Karibu na shule zenye nia njema zilichipuka nyingine za kibiashara zilizouza vyeti kwa kozi fupi mno. Lawama zilitoka pande zote, na mwaka 1906 serikali ya Qing ikaacha kutuma wanafunzi wa kozi hizo. Mwaka uliofuata nchi hizo mbili zilikubaliana kwamba shule tano za serikali ya Japani zichukue Wachina wachache zaidi kwa masomo marefu.

Ni rahisi kuzicheka kozi hizo, lakini kuzihukumu kwa vyeti vyake peke yake ni kuzipunja. Walimu wengi wa shule mpya za China katika miaka hiyo walitoka huko. Zaidi ya hayo, mambo makubwa waliyojifunza vijana hao hayakuwa darasani. Tokyo ilikuwa na viwanda vya uchapaji, magazeti, na umbali wa kutosha kutoka kwa polisi wa Qing. Hapo ndipo Sun Yat-sen alipoanzisha chama cha Tongmenghui mwezi Agosti 1905, kikiwa na wanachama wengi wanafunzi. Novemba mwaka huohuo Wizara ya Elimu ya Japani ilitoa kanuni za kuwadhibiti wanafunzi wa Kichina, maelfu wakagoma, na mwandishi Chen Tianhua akajitosa baharini kwa kupinga dharau ya magazeti. Qiu Jin, mshairi aliyewaacha mume na watoto ili akasome Tokyo, alirudi China na kukatwa kichwa kwa uasi mwaka 1907.

Mwandishi Lu Xun alipitia shule ya Wachina na kisha ya Wajapani. Alisoma Kōbun Gakuin kuanzia mwaka 1902, kisha akawakimbia wenzake wengi wa Tokyo na kwenda shule ya udaktari ya Sendai, mji wa kaskazini ambako hapakuwa na Mchina mwingine darasani. Mwalimu wake wa anatomia, Fujino Genkurō, alichukua madaftari yake kila juma na kuyasahihisha kwa wino mwekundu, makosa ya lugha pamoja na ya michoro ya mishipa. Lu Xun aliacha udaktari mwaka 1906 bila kuhitimu. Insha aliyoiandika miaka 20 baadaye kumhusu Fujino imebaki kuwa maandishi mashuhuri kuliko yote kuhusu mgeni anayesoma Japani.

Wavietnamu nao walikuja, wapatao 200, kwa mpango wa Phan Bội Châu ulioanza mwaka 1905 kwa nia ya kuandaa vijana wa kuwaondoa Wafaransa. Mwaka 1907 Japani na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuheshimiana makoloni, na kufikia 1909 wanafunzi hao na kiongozi wao walikuwa wamefukuzwa. Daktari Asaba Sakitarō, aliyewasaidia kwa fedha zake, hakusahauliwa: mwaka 1918 Phan alirudi kusimamisha mnara wa kumbukumbu kijijini kwa Asaba, na upo hadi leo. Kisa hicho kinaonyesha tabia iliyojirudia. Mgeni alikaribishwa au kufungiwa mlango kulingana na hesabu za dola, huku mtu mmoja mmoja akimfadhili kwa sababu zake mwenyewe.

Hesabu hizo zilifikia ukingoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1943 na 1944 jeshi la Japani lilileta vijana wapatao 200 kutoka nchi ilizoziteka, zikiwemo Burma, Malaya, Indonesia na Ufilipino, ili warudi kuwa watawala marafiki. Baadhi yao walipelekwa Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, Nik Yusof wa Malaya alikufa kutokana nalo, na mwenzake Syed Omar alifariki Kyoto mwezi uliofuata. Pengiran Yusuf alinusurika, akaja kuwa waziri kiongozi wa Brunei.

Baada ya vita Japani haikuwa na fedha wala sifa ya kuvuta wanafunzi. Mwaka 1954 serikali ilianzisha ufadhili wa Wizara ya Elimu ambao bado upo, ukiwalenga zaidi watafiti na wanaotafuta shahada nzima, na sharti lilikuwa wajifunze Kijapani kwanza. Wanafunzi wa muda mfupi walishughulikiwa na vyuo binafsi. Sophia, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Kimataifa kilichoanza kufundisha mwaka 1953, na Waseda, kilichofungua kitengo cha kimataifa mwaka 1963, vilipokea Wamarekani waliokuja kwa mwaka mmoja katikati ya shahada zao. Walifundishwa kwa Kiingereza katika madarasa yaliyojitenga, na Wajapani wengi wa chuo hichohicho hawakuwahi kukaa nao benchi moja.

Mwaka 1983 waziri mkuu Nakasone Yasuhiro alitangaza lengo la wanafunzi wa kigeni 100,000 kabla ya karne kwisha, wakati huo wakiwa 10,000 na ushei. Shule za lugha zilizuka kila mahali, na ule ugonjwa wa shule za kibiashara wa mwaka 1905 ukarudi. Mwaka 1988 vijana wa Shanghai waliokwisha kulipa ada za shule hizo wakanyimwa viza walikusanyika kwa hasira mbele ya ubalozi mdogo wa Japani. Lengo lilifikiwa mwaka 2003, kwa kuchelewa.

Katika hali hiyo muhula mmoja ulipata nafasi yake. Vyuo vya taifa vilitambua kwamba Mmarekani au Mzungu asiyejua Kijapani hatakuja kwa miaka minne, lakini kwa miezi mitano huenda akaja. Chuo Kikuu cha Kyushu kilianza programu ya Kiingereza kwa wanafunzi wa kubadilishana mwaka 1994, Tokyo kikafuata mwaka 1995, mwaka ambao Wizara ilitenga ufadhili maalumu wa muda mfupi. Tofauti na kozi za haraka za zamani ilikuwa moja, nayo ni kubwa: safari hii hakuna aliyedai kwamba miezi michache inatosha kumfanya mtu mwalimu au mwanasheria. Muhula ukawa kipande cha shahada ya mahali pengine. Vyuo viwili hutia saini mkataba, kila kimoja husamehe ada za mgeni wake, na idadi ya wanaokwenda hupimwa na ya wanaokuja.

Kalenda ilisumbua. Chuo Kikuu cha Tokyo chenyewe kilifungua mwaka wake Septemba hadi 1921, kilipohamia Aprili kama shule nyingine. Pendekezo la kurudi kwenye vuli, lililotolewa karibu mwaka 2012 kwa kuwafikiria wageni, liliwekwa kando, na hadi leo anayekuja katika muhula wa pili huwakuta wenzake wamekwisha kuzoeana.

Maisha ya muhula yamepata desturi zake. Ndani ya siku 14 mgeni huandikisha anwani yake katika ofisi ya manispaa na kujiunga na bima ya afya, ambayo humwachia kulipa asilimia 30 ya gharama za matibabu. Hufanya mtihani wa kupimwa Kijapani ili apangiwe darasa. Vyuo vingi humpa mwanafunzi wa Kijapani wa kumsaidia, anayelipwa kwa saa, na wakati mwingine msaidizi huyo ndiye Mjapani pekee anayezungumza naye kwa juma zima. Wanaoepuka upweke huo kwa kawaida ni wale wanaojiunga na klabu, za michezo, muziki au upigaji picha, kwa kuwa huko ndiko urafiki wa vyuo vya Japani unakojengwa. Kwa kibali cha uhamiaji mgeni aweza kufanya kazi hadi saa 28 kwa juma. Wachache hupata posho ya serikali ya yeni 80,000 kwa mwezi.

Mwezi Mei 2019 wageni wote wanaosoma Japani, pamoja na wa shule za lugha, walikuwa 312,214, na hivyo lengo la 300,000 lililowekwa mwaka 2008 likatimia mapema. Mwaka uliofuata mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na kwa sehemu kubwa ya muda hadi Machi 2022 wapya hawakuingia. Wapo waliofanya muhula wao wa Japani kwa kompyuta, wakiamka usiku wa manane kuhudhuria mihadhara ya asubuhi ya Tokyo. Idadi ilikuwa imepanda tena hadi 336,708 mwaka 2024, na serikali sasa inataka 400,000 ifikapo 2033.

Waafrika ni sehemu ndogo ya hao, na wengi wao hufuata shahada kamili, kama walivyofanya wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na wanaokwenda kwa mpango wa ufadhili wa ABE uliotangazwa Yokohama mwaka 2013. Kubadilishana kwa muhula kunahitaji watu wa kubadilishana nao, na kwa Afrika Mashariki hao wapo zaidi Osaka, ambako Kiswahili hufundishwa kama somo la shahada na wanafunzi wake huhitaji mahali pa kuja kukizungumza.