Nani Mwajiri Siku ya Mgomo?

Bandari ya Durban ilikuwa na vibarua muda mrefu kabla Afrika Kusini haijawa na sheria inayomruhusu Mwafrika kugoma. Katika miaka ya 1870 serikali ya koloni la Natal iliwalazimisha makuli wa kutwa, walioitwa togt, wajiandikishe na kubeba beji zenye namba. Kuli wa aina hiyo hakuwa wa kampuni yoyote. Leo alipakua shehena ya huyu, kesho ya yule, na ujira ukiwa mdogo hakwenda kazini. Mwaka 1959, baada ya migomo kufuatana, waajiri waliikomesha ajira ya kutwa na kuunda Durban Stevedoring Labour Supply Company, kampuni iliyowaandika makuli wote na kuwagawa kwa wenye kazi ya kupakia na kupakua meli. Tukio hilo lina uzito wake. Utaratibu wa kuandikwa na huyu na kutumikishwa na yule husifiwa leo kuwa unarahisisha biashara, lakini pale Durban ulianzishwa ili kuvunja nguvu ya wagomaji.

Wakati huo kampuni iliyoletewa makuli haikuwa na sababu ya kujiuliza kama ina haki ya kwenda mahakamani kuuzuia mgomo. Tangu amri ya vita namba 145 ya mwaka 1942, Mwafrika aliyegoma alitenda jinai, na sheria ya 1953 ikaiendeleza marufuku hiyo. Mgomo ulikuwa kazi ya polisi. Hali ilibadilika pale hofu ya polisi ilipopungua: makuli wa Durban waligoma Oktoba 1972, na Januari 1973 wafanyakazi wapatao 2,000 wa kiwanda cha matofali cha Coronation waliacha kazi, wakifuatwa mjini humo na maelfu kwa maelfu. Vyama vya Waafrika vilipokuja kutambuliwa kisheria, sheria nyingine ya mwaka 1983 ikamtaja wakala wa kazi kuwa ndiye mwajiri wa watu anaowapeleka kwa wateja wake. Mfanyakazi alipoanza kupata sauti, mwenye kiwanda alikwisha kuondolewa upande wa pili wa meza.

Sheria ya Mahusiano Kazini ya 1995 iliutoa mgomo mikononi mwa polisi na kuukabidhi kwa Mahakama ya Kazi. Kifungu cha 68 kinaipa mahakama hiyo uwezo wa kumzuia mtu yeyote asishiriki mgomo uliokiuka utaratibu, na wa kuamuru fidia. Hakimtaji mwajiri peke yake kuwa ndiye awezaye kuomba zuio. Lakini ilani ya saa 48 kabla ya mgomo hupelekwa kwa mwajiri, na mwajiri, kwa mujibu wa kifungu cha 198, alikuwa wakala. Basi mitambo inasimama kwa mteja, ilani iko ofisini kwa wakala. Wapo wanaosema mteja ni mgeni katika mkataba wa mfanyakazi na wakala, hivyo amwachie wakala ahangaike. Sikubaliani nao. Anayepata hasara ya moja kwa moja kwa kitendo kilicho kinyume cha sheria hawezi kufungiwa mlango wa mahakama kwa sababu tu jina lake halimo kwenye hati ya mshahara, tena wakala anaweza kusitasita, maana malipo yake hayatokani na mitambo ile. Mteja asikilizwe.

Ila akisikilizwa, asikilizwe kwa ukamilifu. Hawezi kumwambia jaji kwamba watu hawa wanaharibu kazi yake, kisha akaliambia baraza la usuluhishi kwamba madai yao hayamhusu. Msimamizi wake ndiye aliyewapanga zamu, lango lake ndilo walilopita asubuhi. Watetezi wa uwakala hujibu kwamba kubeba wajibu wa mwajiri kungefuta faida ya kukodi wafanyakazi. Kama faida yenyewe ni kuepa meza ya majadiliano, sioni kwa nini mahakama iilinde.

Sheria imesogea upande huo. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2015 yanasema mfanyakazi wa wakala anayelipwa chini ya kiwango kilichowekwa, wakati huo randi 205,433.30 kwa mwaka, akipitisha miezi mitatu kwa mteja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mteja. Mawakala walidai kwamba hapo waajiri wanakuwa wawili. Julai 2018, katika shauri la wakala Assign Services dhidi ya chama cha wafanyakazi cha NUMSA, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa kwa madhumuni ya sheria hiyo mwajiri ni mmoja, naye ni mteja. Kwa wafanyakazi hao, haki ya mteja kuomba zuio haina ubishi tena, wala hawezi tena kusema kwamba madai yao hayamhusu. Utata umebaki kwa walio ndani ya miezi mitatu ya kwanza na wanaolipwa zaidi ya kiwango, ambao bado ni wa wakala. Kwa hao, jaji anayeletewa ombi na mteja ana swali la haki la kumuuliza kabla ya kutia saini: madai ya watu hawa yalipofikishwa kwako, ulikaa nao?