Kidingapopo na Chikungunya: Historia ya Majina Mawili ya Maradhi

Hudhaniwa kuwa istilahi za tiba huzaliwa katika maabara, kisha wafasiri wakazitafutia visawe. Historia ya maradhi mawili yajulikanayo sana Afrika Mashariki yaonyesha kwamba pengine mwendo huwa kinyume cha hivyo: jina hutoka kwanza kinywani mwa mgonjwa, nayo maabara huja baadaye kubainisha ni kitu gani hasa kilichoitwa kwa jina hilo.

Mwaka 1870 maradhi ya homa na maumivu makali ya viungo yalienea Unguja. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliyaandika mwaka 1872 kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, yaani kidinga pepo. Wazee walikumbuka kwamba maradhi kama hayo yalikwisha kupita mnamo mwaka 1823. Wapo wanazuoni wanaoamini kuwa jina la kimataifa, dengue, latokana na neno hilo la Kiswahili. Wengine hulitafutia asili katika Kihispania. Vyovyote iwavyo, kidingapopo limekubalika leo kuwa kisawe cha dengue.

Mwaka 1952 maradhi yenye dalili za namna hiyo yalizuka Newala, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Uwanda wa juu wa Makonde una shida kubwa ya maji. Watu walilazimika kuyaweka akiba majumbani, na humo mbu wa jamii ya Aedes wakapata pa kuzaliana. Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa, na W.H.R. Lumsden akachunguza jinsi maradhi yalivyoenea. Taarifa zao zilitolewa mwaka 1955. Kwa dalili peke yake ilikuwa vigumu mno kuyatenga maradhi hayo na dengue. Kazi hiyo iliangukia maabara ya Entebbe, Uganda, katika taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Huko R.W. Ross aliwadunga vipanya vichanga majimaji ya damu ya wagonjwa, akapata virusi, akaeleza matokeo yake mwaka 1956. Uchunguzi huo na ule uliofuata ulidhihirisha kuwa virusi hivyo si vya dengue, wala si vya ukoo wake.

Watafiti hawakubuni jina jipya. Walichukua lile walilolitumia Wamakonde wenyewe, chikungunya, lenye maana ya kile kikunjacho au kipindacho, kwa kuwa mgonjwa hutembea ameinama kwa maumivu. Maandishi mengi ya kigeni yamelitaja kuwa neno la Kiswahili. Hilo si kweli: kiambishi chi- ni cha Kimakonde, nacho ni ndugu wa ki- yetu. Yatupasa kuwarudishia wenyewe haki yao.

Limebaki jambo moja zito. Mwaka 1971 mtaalamu D.E. Carey alitoa hoja kwamba maradhi ya Unguja ya mwaka 1870, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyokawia, yaelekea kuwa chikungunya na si dengue. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi neno letu limehama: waliloita wazee kidinga pepo silo tuitalo leo kidingapopo.

Mfasiri wa maandishi ya kale asiandike dengue bila kuangalia mwaka na dalili. Na mtumishi anayetayarisha tangazo la afya asiyachanganye majina haya mawili, kwani dengue kali yaweza kuvujisha damu na kuua, hali chikungunya aghalabu haiui, bali huacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Kisawe hakikamiliki kwa kuandikwa katika orodha. Yafaa kijulikane pia kilianza lini, na kilitaja nini.