Barua ya mapenzi ya mwaka 2000, na majina yetu



Wiki iliyopita dada mmoja hapa kambini alinijia na simu mkononi. Kapata meseji: majina ya wanaosafiri kwenda Kanada yametoka, bonyeza linki, jaza namba ya kadi yako na namba ya simu. Nikamuuliza nani kakutumia. Akasema, "Shangazi yangu, kaka. Sasa shangazi anaweza kunidanganya?" Nikamwambia asijaze kwanza. Jioni nikakaa kuandika haya, maana ujanja huu una historia.

Tarehe 4 Mei 2000 watu wa nchi nyingi walikuta kwenye kompyuta zao barua pepe yenye kichwa cha Kiingereza ILOVEYOU, yaani nakupenda. Imetoka kwa mtu wanayemjua: bosi, rafiki, mwenzao wa kazini. Ndani kuna faili linalojiita barua ya mapenzi. Nani angeacha kulifungua? Kumbe si barua, ni programu. Ukifungua tu, inajituma yenyewe kwa kila mtu aliye kwenye orodha yako ya anwani, halafu inaharibu picha na mafaili yako. Ndani ya siku chache ilifika kwenye mamilioni ya kompyuta. Hata bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake kwa muda.

Aliyeitengeneza ni Onel de Guzman, kijana wa Manila, Ufilipino. Miaka kama 20 baadaye alikiri: alikuwa anatafuta nywila za watu ili aingie intaneti bure, kwa sababu hakuwa na pesa ya kulipia. Hakufungwa. Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ilipitishwa Juni 2000, na haikuweza kurudi nyuma kumkamata.

Hiyo ni njia ya kwanza, kumdanganya mtu. Njia ya pili haihitaji mtu adanganyike, inatafuta tundu kwenye mfumo. Nayo ni ya zamani: Novemba 1988, programu ya mwanafunzi wa Marekani, Robert Morris, ilipita kwenye matundu ya namna hiyo ikalemaza maelfu ya kompyuta.

Sasa sikilizeni hii, inatugusa sisi. Novemba 2021 wadukuzi waliingia kwenye seva za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Walipita kwenye tundu la programu ambalo dawa yake ilikuwa imeshatolewa, ila ilikuwa haijawekwa. Walikaa humo siku 70 kabla ya kugunduliwa Januari 2022. Taarifa walizozifikia zilikuwa za watu zaidi ya 515,000: waliopotezana na familia kwa sababu ya vita na uhamiaji, waliotoweka, wafungwa. Kamati ikalazimika kuzima mifumo, na kazi ya kuunganisha familia ikakwama.

Mimi niliwahi kujaza fomu ya kumtafuta kaka yangu. Unaandika kila kitu mle: jina la baba, kijiji, siku mliyoachana. Unaandika ukiamini atakayesoma ni mtu wa kukusaidia. Kwa mtu aliyekimbia kwa sababu kuna wanaomtafuta, karatasi ile ni uhai wake.

Kwa hiyo wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba: programu ikidai kusasishwa, msiseme kesho. Na sisi vijana, huduma za wakimbizi ni bure na orodha inaulizwa ofisini. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita afisa.

Yule dada tulienda naye ofisini asubuhi. Hakuna orodha yoyote ya Kanada. Akampigia shangazi kumwambia. Shangazi akasema naye alitumiwa na jirani anayemwamini, na alikuwa ameshajaza.