Modeli za Ikolojia ya Bahari
Modeli ya ikolojia ya bahari ni programu ya kompyuta inayoigiza uhai wa baharini kwa milinganyo. Mwaka 1984 mwanasayansi Jeffrey Polovina alichapisha modeli ya Ecopath, iliyokokotoa nani anamla nani, na kwa kiasi gani, katika miamba ya French Frigate Shoals, Hawaii. Modeli za leo huongeza tabianchi: maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho; planktoni hupungua, na njaa hupanda hadi kwa jodari. Mwaka 2019 mradi wa Fish-MIP, unaolinganisha modeli kadhaa, ulikadiria kuwa kila ongezeko la joto la nyuzi 1 ya Selsiasi hupunguza uzito wa wanyama wa baharini kwa takriban asilimia 5, hata bila uvuvi. Wastani huo usimpumbaze mtu: bahari za tropiki, ambako wengi hutegemea samaki kwa kitoweo, hupoteza zaidi.