Ukuta unaolia: chokaa, saruji na maji yaliyokosa njia

Ukipita mitaa ya Ilembo hapa Mpanda mvua za Machi zikiwa zimekolea, tazama chini ya kuta za nyumba za matofali ya kuchoma. Rangi imevimba, plasta inabanduka, na kuna unga mweupe kama chumvi. Na kweli ni chumvi. Maji yanapanda toka ardhini kupitia vitundu vya tofali, yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki. Dawa ya mtaani unaijua: kwangua, piga plasta ya saruji, tena nzito, paka rangi ya mafuta. Msimu ujao ni yale yale, ila sasa yamepanda juu zaidi.

Waliolipia somo hili kwa bei kubwa ni Mji Mkongwe, Zanzibar. Majumba ya kule yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko (ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba, boriti ndiyo iliyoamua upana). Chokaa ilitoka kwenye jiwe lile lile. Ukilichoma kwa nyuzi joto kama 900 linaachia kaboni dayoksaidi. Ukilimwagia maji linachemka na kulainika. Ukilipaka ukutani, linavuta hewa hiyo polepole na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe lenye vitundu: maji yakiingia, yanatoka. Plasta ilikuwa nguo ya ukuta, ikichakaa unabadilisha.

Kisha ikaja saruji. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824. Kiwanda cha Wazo, Dar es Salaam, kikaanza uzalishaji 1966. Ngumu, inakauka haraka, fundi anamaliza anaondoka. Nani angeikataa? Ila juu ya ukuta wa chokaa ni koti la mvua lililovaliwa na mtu aliyelowa tayari: udongo unalainika kwa ndani, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani vinaoza bila wewe kuona.

Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu mwaka 2012, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande mwingine uliporomoka na kuua watu wawili. Sisemi saruji ndiyo iliyoua. Jengo lile lina vyuma vingi na historia ndefu ya kuvuja. Lakini usidhani kukarabati jengo lililonyonya maji miaka mingi ni kazi ya rangi na mwiko.

Kwa hiyo kabla hujanunua mfuko wa saruji, uliza maji yanatoka wapi. Ya bati yanamwagikia wapi? Udongo wa nje umeizidi sakafu ya ndani? Fundi aliweka karatasi ya nailoni juu ya msingi, au alisema "haina shida"? Chimba mfereji, shusha udongo, bandua plasta iliyokufa, kisha uache ukuta uchi kiangazi kizima, Mei hadi Oktoba. Majirani watasema umeishiwa hela.