Njia za Sauti Angani

Sikukuu ya Bulabo ifikapo Bujora, Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Ukisimama katikati wasikia vishindo tu, wala hushiki wimbo wa yeyote. Redio mbili zikitumia njia moja angani huvurugana vivyo hivyo.

Zamani mitambo ilikuwa michache. Wajerumani walijenga ya simu ya upepo Mwanza na Bukoba; ule wa Bukoba Waingereza waliuvunja Juni 1915. Baadaye vituo vikazidi, na Dar es Salaam ikaanza kutangaza mwaka 1951.

Taabu kubwa ni ya usiku. Mchana, mawimbi ya kati hutambaa juu ya ardhi, nayo yapandayo juu hufifia. Jua likizama hugonga tabaka fulani la angani, yakarudi chini mamia ya maili kutoka yalikotoka. Ndipo kituo cha ugenini huingilia chenu, pasipo nia mbaya.

Mwaka 1975 wajumbe wa mataifa walikutana Geneva kugawana njia hizo. Iliwapasa kupiga hesabu: mtambo wenye nguvu hizi, usiku utasikika wapi, na kwa kiasi gani? Kati ya njia na njia wakaacha kilohezi 9, yaani mitetemo 9,000 kwa sekunde. Njia moja waliweza kupewa wawili, mradi wako mbali vya kutosha. Mpango ulianza tarehe 23 Novemba 1978. Na atakaye kuongeza nguvu ya mtambo wake, sharti apate kwanza kibali cha majirani watakaodhurika.