Fomu imesema "Ujumbe umetumwa", lakini hakuna kilichofika

Kuna kazi nyingi za tovuti hapa Nairobi ambazo zimeharibika kwa sababu ya kitu kidogo sana: ukurasa wa "Wasiliana Nasi". Mteja ana duka lake la mapazia, tovuti inapendeza, fomu ipo. Mwezi unaisha, hakuna hata mtu mmoja amemwandikia. Ukiijaribu fomu inakuletea maandishi ya kijani, "Ujumbe umetumwa, asante." Kwa inbox, zii. Na sasa salio la fundi, hiyo 15,000 iliyobaki, inaanza kuwa hadithi.

Wengi wakifika hapo wanabadilisha plagini. Wakitoa hii wanaweka ingine, wanalaumu WordPress, wanalaumu kampuni ya hosti. Mimi naona hiyo kesi inashtaki mtu asiyehusika. Kinachokataa fomu yako ni historia ya zaidi ya miaka 40, na ukiijua utajua pa kuangalia.

Mnamo Agosti 1982, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha sheria za SMTP, ile itifaki inayobeba barua pepe mpaka leo. Ni rahisi ajabu. Seva moja inasalimia nyingine, inasema barua imetoka kwa nani, inaenda kwa nani, kisha inamwaga maneno. Hakuna mahali popote seva inayopokea inauliza, "Na wewe ni nani kweli?" Ni kama sanduku la posta: karani hawezi kujua kama jina uliloandika nyuma ya bahasha ni lako. Mtandao wa wakati huo ulikuwa wa vyuo na maabara, na watu wengi walijuana. Nani angedanganya nani?

Na bado onyo lilikuwa limeshakuja. Mei 1978, Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alitumia watu karibu 400 wa ARPANET tangazo moja la mashine mpya. Walikasirika vibaya. Lakini miaka minne baadaye sheria ziliandikwa bila mlinzi mlangoni, na mlango ukabaki hivyo.

Songa mpaka 1995, mwaka ambao kwangu ndio muhimu zaidi kwa hii stori. Rasmus Lerdorf anatoa PHP, ambayo baadaye itakuwa na amri fupi ya kutuma barua, mail(). Mwaka huohuo Matt Wright, kijana wa Marekani aliyekuwa bado sekondari, anaweka mtandaoni skripti za bure, na moja inaitwa FormMail. Unaiweka kwa seva, mtu anajaza fomu, wewe unapata barua. Dunia nzima iliichukua. Ujanja wake ulikuwa kwamba anwani ya anayepokea ilikaa ndani ya ukurasa wenyewe, imefichwa tu. Watu wa spamu wakaligundua hilo haraka: badilisha anwani hiyo, na seva ya mwenyewe inakutumia matangazo ya dawa kwa watu maelfu, bure. Kuna waliomlaumu yule kijana. Mimi simlaumu. Alikuwa na umri wa msomaji wa hapa, na alitumia mlango ambao wazee walikuwa wameuacha wazi. Baadaye waandishi wa Perl wa London waliandika upya skripti hizo kwa njia salama zaidi, lakini uharibifu ulikuwa umeshatapakaa.

Jibu la wakubwa lilikuwa orodha nyeusi. Paul Vixie na wenzake walianza yao 1997 chini ya jina MAPS (lisome kutoka nyuma), na Spamhaus ikafuata 1998. Seva ikituma uchafu, anwani yake ya IP inaingia kwa orodha, na wengine wanaifungia mlango.

Hapo ndipo hostingi ya pamoja inaumia. Ukilipa hosti ya bei ya chini unaishi kwa ploti. Tovuti yako iko kwa seva moja na za watu wengine mamia, na mara nyingi nyote mnatuma barua kwa anwani moja ya IP. Jirani mmoja akidukuliwa kwa sababu hajasasisha plagini tangu zamani, seva inamwaga spamu usiku kucha, na asubuhi ploti nzima iko kwa orodha. Wewe hujafanya chochote. Kama mko kwa mita moja ya stima, mmoja akichoma, nyote mko gizani.

Kisha vikaja vitambulisho. SPF, iliyochapishwa rasmi 2006, ni mistari michache kwa DNS ya domeni yako inayosema seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM ya 2007 inatia barua saini ambayo mpokeaji anaweza kuithibitisha. DMARC ya 2012 inamwambia mpokeaji afanye nini kama barua haipiti hata mojawapo kwa jina lile lile linaloonekana mbele. Ni kama tunavyoangalia meseji ya M-Pesa: ikitoka kwa namba ya kawaida badala ya jina MPESA, hata iandikwe vizuri namna gani, huamini. (Bill Gates alisema mwaka 2004 kwamba spamu ingekuwa imeisha kwa miaka miwili. Tuendelee.)

Aprili 2014 Yahoo iliweka DMARC kali: barua yoyote inayodai kutoka yahoo.com bila uthibitisho ikataliwe. Sasa fikiria fomu nyingi zilivyotengenezwa. Mgeni anaandika anwani yake, na skripti inaiweka kama mtumaji ili ukibonyeza kujibu imfikie. Kwa macho ya mpokeaji, seva ya duka la mapazia inajifanya Yahoo. Hiyo barua inakufa kimyakimya. Tiba yake ni rahisi: mtumaji awe anwani ya domeni yako, na ya mgeni ikae kwenye sehemu ya kujibu, Reply-To. Bado naona fomu mpya zinazofanya makosa haya, na mafunzo ya YouTube yanayoyafundisha.

Mwaka 2024, kuanzia Februari, Google na Yahoo walikaza zaidi. Hata mtumaji mdogo lazima awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na vyote pamoja na DMARC. Nakubaliana na sababu zao. Lakini tusijifanye hatuoni: njia iliyokuwa ya kila mtu sasa inalindwa na kampuni chache, na mwenye duka la Gikomba analipia dhambi za watu wa 1998.

Kwa vitendo basi. Yale maandishi ya kijani hayana maana kubwa. Mail() ikisema ndiyo, inamaanisha tu imekabidhi barua kwa programu ya seva. Tuma kwa akaunti halisi yenye nywila, kwa SMTP, mlango 587. Washa DKIM kwa cPanel. Weka rekodi moja ya SPF, si mbili, kwa sababu mbili zinaharibiana. Angalia IP yako kwa orodha nyeusi. Na kila ujumbe uhifadhiwe pia kwa hifadhidata, ndio ukipotea njiani usipotee kabisa.

Kuna moja ambayo haihusiani na spamu hata kidogo, na inakamata watu wazima. Mteja alihamisha barua zake kwenda Google, lakini seva ya hosti haijaambiwa. Inaona barua ya domeni ambayo inadhani ni yake, inaiweka hapohapo ndani, haitoki nje kabisa. Barua zinarundikana kwa kisanduku ambacho hakuna mtu anakumbuka kipo. Kwa cPanel utaipata kwenye Email Routing, ibadilishe iwe Remote. Lakini kabla hujagusa hiyo, fungua webmail ya hosti uone kilichomo.